Muhuri Usiosomeka

Mjini Iringa kuna mgahawa ambao mgeni akipaza sauti kuagiza chai, hakuna mhudumu atakayegeuka. Wahudumu ni viziwi. Mgeni huandika anachotaka kwenye karatasi, au huangalia alama zilizochorwa akazijaribu kwa mikono yake mwenyewe, mara nyingi akikosea kiasi cha kuwachekesha wote. Mgahawa huo ni sehemu ya Neema Crafts, karakana iliyoanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, ikianza na vijana wachache viziwi waliotengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Chai inafika ikiwa ya moto, keki inafika, bili nayo haisahauliki. Mhudumu hajapona uziwi wake. Kilichogeuzwa ni mpangilio wa mahali, na aliyejikuta hajui lugha ya pale ni mteja mwenye masikio mawili mazima.

Nauanza mjadala wa tovuti kwenye meza ya mgahawa ule kwa sababu kwa kawaida huanzia pabaya: ama kwenye huruma, ama kwenye kompyuta. Huruma hutuletea fulana na hotuba za Desemba 3, Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu, kisha kila mtu anarudi ofisini kwake. Kompyuta nayo humpa mkuu wa idara nafasi ya kusema, "Hilo ni la kijana wa TEHAMA." Lakini ukichunguza ukurasa wa Kiswahili ulioandaliwa Mbeya au Iringa, utakuta sehemu kubwa ya kizuizi imewekwa na watu ambao hawajawahi kuandika hata mstari mmoja wa programu. Ni katibu muhtasi, afisa habari, na bosi anayetaka barua ionekane ikiwa na muhuri.

Wanaozuiwa si wachache. Sensa ya 2022 ilikuta asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na kuendelea wana ulemavu wa aina fulani. Mkoa wa Mbeya ulikuwa na watu 2,343,754, Iringa 1,192,728; hata kwa hesabu ya vidole, mikoa hii miwili inabeba laki kadhaa za watu hao. Na tukisema "mlemavu na tovuti" tusimwone asiyeona peke yake. Yumo mwenye ualbino anayesogeza simu hadi puani. Yumo bibi wa Tukuyu mwenye mtoto wa jicho, fundi ambaye mikono inamtetemeka, na kiziwi aliyefungua video isiyo na maandishi. Yumo kijana wa bodaboda aliyeamka wodini akiwa na mkono mmoja. Barabara kuu ya kwenda Zambia, kuanzia mteremko wa Kitonga hadi ile milima ya kuingia na kutoka Mbeya, haijaacha kuwaongeza watu wa namna hii ya mwisho, ambao jana walikuwa wakigusa simu bila kufikiri.

Asiyeona hutumia simu kwa masikio. Programu ya kusoma skrini hutamka kilicho chini ya kidole. Akiridhika anagonga mara mbili, kinafunguka. Kwenye Android programu hiyo inaitwa TalkBack, ilianza mwaka 2009 na haina malipo. Kwenye kompyuta, kwa miaka mingi jina kubwa lilikuwa JAWS, kwa bei ambayo shule zetu zisingeithubutu. Mwaka 2006 Mwaustralia asiyeona, Michael Curran, alianza kuandika NVDA, kisha James Teh, naye asiyeona, akajiunga naye; programu hiyo mtu huipakua bila kutoa senti. Kwa hiyo kile kisingizio cha "vifaa ni ghali" kimechakaa. Simu janja nyingi zinazouzwa Mwanjelwa tayari zinajua kusema. Shida ni kile tunachozipa ziseme.

Programu ya kusoma skrini haina macho. Inasoma maandishi yaliyo nyuma ya ukurasa, kwa mfuatano yalivyopangwa. Kichwa cha habari kikiwekewa alama kuwa ni kichwa, msikilizaji huruka kutoka kichwa kimoja hadi kingine, kama wewe unavyopitisha jicho juu ya gazeti. Kikikolezwa wino tu, kwa programu ni sentensi kama nyingine, na msikilizaji atalazimika kusikiliza ukurasa wote ili afike chini alikokuwa anakwenda. Picha yenye maelezo inaelezwa. Isiyo na maelezo husomewa jina la faili, na kwa kuwa picha zetu nyingi zimetokea WhatsApp, msikilizaji hupata burudani hii: IMG, kistari, mbili sifuri mbili tatu sifuri nne moja saba, kistari, WA sifuri sifuri moja mbili. Hapo ndipo mkuu wa mkoa alipokuwa akikata utepe.

Kuna jambo moja ambalo msomaji wa Kiingereza hana haja ya kuliwaza kamwe: sauti inayosoma ni ya lugha gani. Mwanzoni mwa kila ukurasa kuna mahali pa kutaja lugha yake, na Kiswahili kinatajwa kwa herufi mbili tu, "sw". Wengi wanaojenga tovuti huku kwetu huchukua kiolezo kilichokwisha kutengenezwa ng'ambo, wakabadili rangi na maneno, wakaiacha ile "en" ya Kiingereza mahali pake. Programu inaamini ilichoambiwa. Inavaa sauti ya Kiingereza na kuanza kusoma Kiswahili. "Mtoto wake" anakuwa "mtoto weik". "Pole" inakuwa "poul", mlingoti. Wilaya ya Same inageuka "seim". Anayesikiliza kila siku hujifunza kuyafumbua mafumbo haya, sawa na mtu aliyezoea redio inayokwaruza, lakini jaribu kusikiliza masharti ya mkopo kwa namna hiyo. Na sauti za Kiswahili zipo: eSpeak, inayokuja pamoja na NVDA, inakisoma kwa sauti ya bati, Google wanayo yao iliyo laini zaidi. Zinasubiri kuitwa tu, kwa herufi mbili.

Sasa muhuri. Tangazo la ofisi huzaliwa likiwa maandishi safi. Linachapwa kwenye kompyuta, linasahihishwa, na hadi hapo mashine yoyote ingeweza kulisoma kwa sauti, kulikuza, hata kuligeuza kuwa breli. Kisha linatolewa kwenye karatasi, linasainiwa, linagongwa muhuri, linaskaniwa, na skani hiyo ndiyo inayopandishwa kwenye tovuti. Kwa jicho ni barua ile ile, tena yenye heshima zaidi. Kwa programu ya kusoma skrini herufi zimekwisha kufa. Kilichobaki ni picha ya karatasi. Kidole kinafika hapo, simu inanyamaza. Juu ya mji wa Iringa kuna mwamba wa Gangilonga, jina ambalo kwa Kihehe hufasiriwa kuwa jiwe linalosema, na chini yake watu wenye simu zinazosema hukutana na barua zilizogeuzwa mawe.

Nisiwe mwepesi wa kucheka, maana tabia hii ina sababu. Katika ofisi zetu uaminifu unakaa kwenye muhuri. Na baada ya miaka ya matangazo ya kughushi kusambaa kwenye magrupu, hata mwananchi mwenyewe akiona tangazo tupu huuliza, "Mbona halina muhuri?" Kwa hiyo panagongana haja mbili za kweli: kuthibitisha na kusoma. Ila hazilazimiki kuuana. Maandishi yangewekwa kwenye ukurasa wenyewe, na skani ikafuata chini kama kiambatisho kwa anayetaka kuuona wino. Tena anwani inayoishia na go.tz haigawiwi kwa kila mpita njia. Kwa taarifa iliyo kwenye tovuti ya serikali, anwani yenyewe ni muhuri tosha. Sijui ni kwa nini tunaugonga mara mbili, wa pili ukifuta wa kwanza.

Ugonjwa huo huo umewashika waajiri binafsi, ambao nafasi ya kazi kwao ni bango la rangi la Instagram. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 ya watu wenye ulemavu. Mwajiri atakwambia, pengine kwa dhati kabisa, kwamba hawakuomba. Wangeomba nini? Bango lilisema "picha".

Mfano wa kinyume umekaa mbele yetu miaka yote. Kurasa za matokeo ya mitihani zinazotolewa na Baraza la Mitihani, NECTA, hazina urembo wowote: namba ya mtahiniwa, jinsi, daraja, masomo, vyote katika jedwali la maandishi matupu. Wataalamu wa kubuni wakiziona hukunja uso. Lakini zinafunguka kwenye mtandao wa kusuasua, na mtahiniwa asiyeona anaweza kutafuta namba yake akaisikia bila kumwomba mtu. Siku ile ambayo kila mwanafunzi anataka kuwa wa kwanza kujua alichopata, hilo si jambo dogo.

Fomu ndiyo mahali ambapo kosa la kuudhi linageuka kuwa hasara. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu ulisimamishwa mwaka 2023, ukarejea 2024, na maombi siku hizi hupitia mfumo wa kielektroniki. Fikiria basi kikundi cha wasioona watano kinachotaka mtaji wa kufuga kuku. Ili zile asilimia 2 ziwafikie, kila kisanduku cha fomu yoyote watakayopewa sharti kiwe na jina lililofungwa nacho, kwani bila hilo simu inasema "kisanduku cha kuandika, kisanduku cha kuandika, kisanduku cha kuandika", na mtu hajui pa kuweka jina wala pa kuweka namba ya NIDA. Kosa likitokea lisitangazwe kwa rangi nyekundu peke yake. Namba ya uthibitisho inayotumwa kwa meseji isife kabla mtu hajarudi kutoka kwenye meseji akapapasa njia yake hadi kwenye ukurasa. Na ile namba ya malipo ya serikali, tarakimu 12 zinazoanza na 99, ikiandikwa kwa mkupuo inaweza kusomwa kuwa mabilioni mia tisa na kitu. Ikigawanywa kwa nafasi katika mafungu ya tatu tatu, hata mwenye macho yake atakushukuru.

Watengenezaji wengi hawajawahi kusikia malalamiko haya, na sababu yake ni ya kwetu kabisa. Sisi ni watu wa kusaidiana. Asiyeona akishindwa, mpwa yupo. Mpwa asipokuwepo, pale stendi au karibu na chuo kuna steshenari yenye kijana anayejaza fomu za watu kutwa nzima, za mkopo wa chuo, za ajira, za leseni. Unamlipa, unamtajia tarehe ya kuzaliwa, unamtajia neno la siri, anakujazia. Fomu inafika ikiwa sahihi. Kwenye takwimu za mfumo inaonekana mwombaji mwenye ulemavu ametumia tovuti bila shida yoyote. Msaada umeifunika aibu ya tovuti, na bei yake amelipa mwombaji: siri zake zimebaki steshenari.

Jirani yangu mmoja hapa Mbeya, mwalimu mstaafu aliyepoteza kuona uzeeni, aliniambia kwa mzaha kwamba kijana wa kibanda cha miamala analijua salio lake kabla ya mkewe. Alicheka. Mimi nilicheka kidogo.

Hapo utaniambia kwamba nazungumzia simu janja wakati wengi vijijini wana simu ya kitochi. Ni kweli, na huenda kwa mtu wa Chunya au Kilolo mlango wa kwanza wa mtandao ni menyu ya miamala ya *150*00# kuliko tovuti yoyote. Menyu zile zina sifa ya ukurasa wa NECTA: maandishi matupu, chaguo chache, hakuna picha. Ila kitochi cha kawaida hakisemi, na menyu hukatika mtu akichelewa. Kwa hiyo asiyeona mwenye kitochi hurudi kwa mpwa na namba ya siri mkononi. Huduma ya kupiga na kusikilizishwa chaguo kwa Kiswahili ingemfaa kuliko tovuti nzuri kupita zote, na ofisi inayojenga tovuti pekee ikadhani imemaliza kazi ya ujumuishi imemwacha huyo nje ya uzio.

Kiziwi ana kesi tofauti, nayo huwashangaza wengi. Watu hudhani kwamba kwa kuwa anaona, maandishi yanamtosha. Lakini aliyekulia katika Lugha ya Alama ya Tanzania, Kiswahili cha maandishi kwake ni lugha ya pili, tena alijifunza bila kukisikia. Mpe sentensi ya kiofisi: "Waombaji ambao hawatakuwa wamewasilisha vielelezo tajwa hapo juu hawatafikiriwa." Ngeli, vikanushi viwili, kitenzi chenye viambishi kama treni ya TAZARA. Ukisema "Leta vyeti vyako. Usipoleta, hutapata nafasi," hujamshusha mtu hadhi. Umemfikia yeye, umemfikia na mkulima wa Isimani aliyeishia darasa la saba, na mimi pia umeniokolea dakika. Video fupi ya mkalimani wa lugha ya alama kwenye matangazo makubwa ingefaa zaidi, ila tuanze na kilicho bure.

Maandishi hafifu nayo yamekuwa mtindo: kijivu juu ya nyeupe, ati ndio ustaarabu. Miongozo ya kimataifa inataka mwanga wa maandishi ya kawaida na wa mandharinyuma yake upishane kwa angalau 4.5 kwa 1. Mwenye ualbino, ambaye mara nyingi uoni wake ni hafifu na mwanga mkali humuumiza, anauhitaji uwiano huo hata akiwa chumbani. Mama anayeuza viazi juani anauhitaji saa sita mchana. Dereva wa bajaji mwenye skrini iliyopasuka anauhitaji wakati wote.

Miongozo hiyo, ambayo dunia huiita WCAG, ilitolewa mara ya kwanza na W3C, shirika la viwango vya mtandao, mwaka 1999, na toleo la 2.2 likatoka Oktoba 2023. Haikuzaliwa ili kuwapendeza wahandisi tu. Mwaka 2000 Bruce Maguire, Mwaustralia asiyeona aliyekuwa akisoma mtandao kwa breli, alishinda shauri dhidi ya waandaaji wa Olimpiki ya Sydney kuhusu tovuti yao, na waandaaji wakaamriwa kumlipa dola 20,000 za huko. Robo karne baadaye wenye fedha bado wanachechemea: shirika la WebAIM lilipopima kurasa za mwanzo za tovuti milioni moja mwaka 2024, asilimia 95.9 zilikuwa na makosa yanayogundulika kwa mashine, na kosa lililoongoza ni hilo hilo la maandishi hafifu. Kwa hiyo hatuko nyuma sana ya msafara. Msafara wenyewe haujafika mbali.

Wapo pia wanaouza njia ya mkato, kile kitufe kidogo chenye alama ya mtu kinachoelea pembeni ya ukurasa na kuahidi kutibu kila kitu kwa mstari mmoja wa programu. Mmoja wa wauzaji hao wakubwa, accessiBe, Januari 2025 alitakiwa na Tume ya Biashara ya Marekani kulipa dola milioni 1 kwa ahadi za kupotosha. Kitufe hicho hakiwezi kujua nani alikuwa akikata utepe kwenye picha. Ofisi ikiletewa, iulize kwanza kama kinaweza kusoma skani yenye muhuri, kwa Kiswahili.

Kwa upande wa sheria, Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara yake ya 9 inautaja mtandao kwa jina. Majirani zetu Kenya wamepiga hatua ya kiufundi zaidi: tangu 2022 wana kiwango chao cha ufikivu wa TEHAMA, KS 2952, na shirika la inABLE lilikuwa limekwisha kuweka maabara za kompyuta katika shule za wasioona, Thika ikiwa miongoni mwake, muda mrefu kabla ya hapo. Kiwango kilifuata watumiaji waliokwisha kujua wanachotaka. Sisi tuna vyuo vya kuifanya kazi hiyo. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya hufundisha vijana wa kompyuta, na Iringa ina vyuo vikuu vyake. Kijana wa mwaka wa tatu akipewa kazi ya kukaa saa moja na mtu asiyeona anayejaribu mfumo wake, atajifunza ambacho mihadhara ya muhula mzima haikumpa. Mtu huyo alipwe nauli na muda wake, maana ule ni ujuzi.

Tovuti nyingi za mikoa na halmashauri zetu zinafanana kama mapacha kwa kuwa zimejengwa juu ya kiunzi kimoja cha Mamlaka ya Serikali Mtandao. Hiyo ni bahati. Rangi, vichwa, majina ya visanduku, hata zile herufi mbili za lugha, vikirekebishwa mara moja Dodoma vinaweza kurekebika kote. Lakini kiunzi hakiandiki tangazo. Tangazo la nafasi za watendaji wa vijiji linaandikwa Mbarali au Mufindi, na mtu wa huko ndiye anayeamua liingie mtandaoni likiwa hai au likiwa picha. Kipimo chake hakihitaji mtaalamu. Bonyeza neno moja la tangazo kwa kidole ukishikilie hapo. Likichagulika, simu ya asiyeona italisema. Lisipochagulika, basi faili ya asubuhi, ile ya kabla ya printa na muhuri, bado iko kwenye kompyuta ya katibu muhtasi. Aombwe ainakili na kuibandika.